Chembe Zinazopita Kichujioni

Kuna hoja inayorudiwa kila zinapotajwa habari za CERN, ile taasisi ya utafiti wa fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Hoja yenyewe ni hii: mtambo mkubwa wa kugonganisha protoni, wenye njia ya mviringo ya kilomita 27 iliyochimbwa kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, ulituletea bosoni ya Higgs iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, na tangu hapo haujaleta chembe nyingine mpya ya msingi. Kwa hiyo, wanasema, pale hapana kingine. Anayetaka zaidi na ajenge mtambo mkubwa kuliko huo, au aachane na jambo hili kabisa. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Zimepatikana chembe nyingi zilizoundwa kwa kwarki tunazozijua tayari, lakini chembe mpya ya msingi, hapana. Ninachokipinga ni hiyo "kwa hiyo". Mtambo ule hauweki kumbukumbu ya kila unachokizalisha. Unaweka kile ulichoagizwa ukiweke, na agizo hilo liliandikwa na watu waliokuwa na dhana fulani kuhusu sura ya chembe mpya. Kabla ya kusema kitu hakipo, ni haki tuulize kwanza kama kingeandikwa iwapo kingetokea.

Protoni haziendi mojamoja ndani ya mtambo. Zinakwenda kwa mafungu, kila fungu likiwa na protoni kiasi cha bilioni 100, na mafungu ya upande huu hukutana na ya upande ule hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Katika kila mkutano hutokea migongano mingi kwa mkupuo mmoja, na vigunduzi vilivyozunguka mahali pale, ATLAS na CMS vikiwa ndivyo vikubwa, huchukua kama picha ya yale yaliyotokea. Picha moja ina ukubwa wa megabaiti moja au zaidi kidogo. Zidisha mara milioni 40 kila sekunde, mchana na usiku, na utaona kwamba hakuna ghala la kompyuta duniani linaloweza kumeza kiasi hicho. Ndipo kinapoingia kichujio. Hatua ya kwanza hufanywa na saketi za elektroniki zenyewe, ambazo katika ATLAS hupewa sehemu mbili na nusu za milioni ya sekunde kuamua, na katika mikutano ile milioni 40 hubakiza laki moja tu. Baada yake kompyuta hupitia hiyo laki moja na kuipunguza hadi elfu moja, au elfu chache katika miaka hii ya karibuni. Iliyobaki haiwekwi pembeni ije iangaliwe siku nyingine. Imefutika, na hakuna namna ya kuirudisha.

Kichujio hicho ni kama bawabu wa ukumbi wa harusi aliyekabidhiwa orodha: mpitishe elektroni mwenye nishati nyingi, mpitishe myuoni, yule ndugu mzito wa elektroni, mpitishe fotoni, chembe ya mwanga, mpitishe kila mkutano ambao nishati yake upande mmoja inaonekana imepungua bila maelezo. Wote hao wanatazamiwa watoke kitovuni palepale protoni zilipogongana, na watoke mara moja. Asiyekuwemo kwenye orodha harudishwi nyumbani tu, bali husahaulika kwamba aliwahi kufika. Sisemi orodha ile ni ya kipuuzi. Bosoni ya Higgs imepatikana kwa sababu orodha hiyo ilitungwa kwa akili nyingi, maana huzaliwa mara moja tu katika migongano zaidi ya bilioni, na bila kuchuja isingeonekana kamwe. Ninachosema ni kwamba orodha ni kauli ya nadharia. Ndani yake imo imani kwamba kigeni kitakuwa kizito, kitavunjika papo hapo, na kitavunjika kuwa vitu vyenye nishati kubwa.

Sasa tumtazame kwa karibu mgeni asiyefuata ratiba hiyo. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mwanga huenda sentimita 30. Mafungu ya protoni hukutana kila baada ya sehemu 25 za namna hiyo, muda ambao mwanga huenda mita saba na nusu. Kigunduzi cha ATLAS kina urefu wa mita 46 na kipenyo cha mita 25, kwa hiyo chembe iliyotoka kitovuni, kabla haijafika kwenye vifaa vya nje vya kunasia myuoni, nyuma yake mkutano mwingine umeshatokea. Kwa chembe zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga hilo si tatizo, kwa kuwa saa za vifaa zimepangwa kwa kuchelewa huko. Lakini chukulia chembe nzito inayokwenda nusu ya kasi hiyo. Mita kumi ambazo mwanga unazipita kwa sehemu 33, yenyewe inazipita kwa sehemu 67. Ikifika ukingoni imechelewa, na saa imeshahesabu mkutano mwingine. Alama yake inaandikwa kwenye hesabu ya mkutano usiokuwa mama yake, na mkutano uliomzaa unaonekana mtupu. Vyote viwili vinaweza kutupwa bila kichujio kukosea lolote katika maagizo yake.

Huyo ni mmoja. Mwingine ni chembe isiyokuwa na chaji ya umeme, inayotembea mita mbili tatu bila kuacha alama yoyote, kisha ikavunjika ghafla katikati ya vifaa. Programu zinazochora njia za chembe zilizoea kuanzia kitovuni. Njia inayoanzia mahali pasipo na kitu ilihesabiwa kuwa kelele. Wa tatu ni chembe yenye chaji inayoacha njia safi ya sentimita kadhaa halafu njia ikakatika, kwa sababu imegeuka kuwa kitu kisichoonekana pamoja na kipande kidogo mno kisichoweza kuonekana. Ni kweli, na ni lazima niseme kwa haki, kwamba ATLAS na CMS wana makundi ya watafiti yanayoshughulika na maumbo haya ya ajabu, na katika awamu ya sasa ya mtambo, iliyoanza mwaka 2022, programu na vichujio vimerekebishwa ili njia zinazoanzia mbali na kitovu zisipotee ovyo. Lakini kazi hiyo ilikuja baadaye, ikiwa kama kiraka juu ya nguo iliyokwisha kushonwa.

Mtu atauliza: kwa nini tudhani chembe mpya itaishi muda mrefu? Mimi ningeligeuza swali. Tukiziangalia zile tunazozijua, kuishi muda mrefu si jambo la nadra. Nyutroni iliyo peke yake, nje ya kiini cha atomu, huishi kama dakika 15. Myuoni huishi sehemu mbili za milioni ya sekunde, muda mrefu mno kwa vipimo vya ulimwengu huo, na ndiyo maana myuoni zinazozaliwa juu angani na miale itokayo anga za mbali hutufikia huku chini. Chanzo kinafahamika. Nyutroni hukawia kwa sababu uzito wake unazidi kwa kiasi kidogo sana ule wa vitu inavyogeuka kuwa. Nyingine hukawia kwa sababu kani inayozivunja ni dhaifu. Sasa zingatia kwamba vipimo vya anga vinaonyesha sehemu kama tano katika sita za maada yote ulimwenguni ni maada ya giza, isiyotoa wala kuzuia mwanga. Ikiwa maada hiyo ina jamaa zake wanaogusana na chembe zetu kwa uzi mwembamba tu, basi udhaifu wa mguso ndio huohuo unaowapa maisha marefu. Na Higgs yenyewe ingeweza kuwa mlango. Kwa vipimo vilivyochapishwa na ATLAS, hata sasa inawezekana kwamba Higgs moja kati ya kumi hivi huvunjika kuwa vitu visivyoonekana kabisa, na data zilizopo hazitoshi kulikanusha hilo.

Historia nayo ina ushahidi, na ushahidi wake hauko upande mmoja. Mwaka 1968, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, kundi la Leon Lederman lilipiga protoni kwenye kipande cha urani na kupima jozi za myuoni zilizotoka. Ili kuzuia chembe nyingine zote, waliweka kizuizi kinene cha chuma, na chuma hicho kiliyumbisha njia za myuoni kiasi kwamba vipimo vyao havikuwa na makali. Kwenye mchoro wao kulitokea kama bega, mwinuko mpana ambao hawakuweza kuueleza. Mwaka 1974, palepale Brookhaven, kundi la Samuel Ting lilitumia kifaa cha makali zaidi na bega likageuka kuwa mlima mwembamba mrefu: chembe ya J/psi, iliyopatikana wakati huohuo na kundi la Burton Richter huko California. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chembe ilikuwa ikizaliwa mbele ya Lederman miaka sita kabla ya hapo. Alichokosa ni namna ya kuitazama, na nishati alikuwa nayo ya kutosha. Lakini upo na mfano wa pili wa mwaka uleule. Mtambo wa Adone huko Frascati, Italia, ulitengenezwa ufike nishati ya elektronivolti bilioni 3, na J/psi iko bilioni 3.1. Waitalia waliposikia habari wakausukuma mtambo wao kupita kikomo chake, na wakaiona ndani ya siku chache. Basi nishati nayo ina haki yake, sikatai. Ninachokataa ni kuichukulia kuwa jibu pekee.

Ushahidi ninaoutegemea kuliko wote, hata hivyo, hauhusu chembe ya kubuniwa. Unahusu nyutrino, chembe isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu, ambayo Wolfgang Pauli aliipendekeza mwaka 1930 na Reines na Cowan wakaithibitisha mwaka 1956. Hakuna mwanafizikia aliyekuwa na shaka kwamba mtambo wa CERN unazalisha nyutrino kwa mabilioni. Hesabu zilikuwepo. Nyingi kati ya zile zenye nishati kubwa hutoka zikiwa zimeelekea mbele, sambamba na mwendo wa protoni, na huko mbele ndiko vigunduzi vikubwa vina tundu, kwa kuwa bomba la protoni sharti lipite. Migongano ilianza kurekodiwa kwa wingi mwaka 2010, na kwa miaka zaidi ya kumi kigunduzi cha tani 7,000 na kingine cha tani 14,000 havikutambua hata nyutrino moja moja kwa moja. Zilikuwa zikipita tundu, zikiingia mwambani, zikienda zake.

Walichofanya watafiti wa kundi liitwalo FASER ni rahisi mno kiasi cha kuudhi. Njia ya protoni inapinda kufuata mviringo. Nyutrino haijui kupinda. Ukichora mstari ulionyooka kutoka mahali pa kugongana ndani ya ATLAS, mita 480 mbele unatokea kwenye ushoroba wa zamani uliobaki kutoka mtambo uliotangulia, ule wa elektroni uliofanya kazi hadi mwaka 2000. Kati ya sehemu hizo mbili pana kiasi cha mita 100 za mwamba na zege, na sumaku za mtambo wenyewe, kwa hiyo karibu kila chembe ya kawaida imeshazuiwa au imeshasukumwa pembeni. Ushoroba ulikuwa mtupu. Mwaka 2018 waliweka kwenye ushoroba kama huo ulioko upande wa pili wa ATLAS, kwa majuma machache, boksi la kilo 29 lenye bamba za risasi na tangisteni zilizopangwa pamoja na filamu za kupigia picha, na ndani yake wakakuta dalili za nyutrino. Kisha wakajenga kigunduzi chenyewe ndani ya ushoroba ule wa kwanza, urefu wake kama mita saba, mdomo wake sentimita 20 tu. Vipande vyake vya kufuatilia njia za chembe ni vipuri vya akiba vya ATLAS. Vya kupimia nishati vilikuwa vipuri vya kigunduzi kingine, LHCb. Kwa kuwa mstari ule ulipita chini kidogo, ilibidi wachimbe mtaro kwenye sakafu ili kigunduzi kikae sawasawa nao. Mwezi Machi 2023 wakatangaza matukio 153 ya nyutrino, idadi isiyoacha shaka yoyote ya kitakwimu. Gharama yake yote haifikii hata sehemu moja ya elfu ya gharama ya kujenga mtambo mzima.

Nadhani hapo hoja inasimama kwa miguu yake. Ikiwa chembe inayojulikana, inayotarajiwa, inayozalishwa kwa mabilioni, iliweza kupita miaka kumi bila kuonwa kwa sababu tu hakuna aliyeweka kifaa kwenye njia yake, basi ukimya kuhusu chembe tusiyoijua hauna uzito ule tunaoupa.

Wapo watakaosema hii ni njia ya kutokukubali kushindwa. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Mkosoaji naye atauliza, je, asiyechoka na asiyepata tumwite nani? Kila anapokosa atasema chembe imejificha mbali zaidi, ni dhaifu zaidi, inaishi zaidi. Pingamizi hili ni zito, na lingekuwa la kuua hoja kama maficho yangekuwa hayana mwisho. Yana mwisho. Dakika za mwanzo za ulimwengu ndizo zilizopika viini vya haidrojeni nzito na heli, na kiasi cha kila kimoja kimepimwa na kinalingana na hesabu. Chembe ngeni zilizozaliwa kwa wingi wakati ule, zikaishi kupita kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde, kwa kawaida zingeuvuruga upishi huo zilipovunjika. Kwa hiyo kuna ukomo wa juu, na umetoka angani, haukutoka kwa wapenzi wa nadharia. Aidha kila jaribio linafuta eneo. FASER ilitafuta pia kile kinachoitwa fotoni ya giza, ikakosa, na ikatangaza ni uzito upi na udhaifu upi hauwezekani tena. Ramani inapungua, na kupungua kwa ramani ni maarifa.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi: ukitafuta maumbo ya ajabu utayaona, hata yasipokuwepo. Desemba 2015 ATLAS na CMS walionyesha ziada ndogo ya jozi za fotoni kwenye nishati ya elektronivolti bilioni 750. Wananadharia wakaandika mamia ya makala kuieleza. Agosti 2016 data zaidi zikaja na ziada ikayeyuka. Na katika utafutaji wa chembe nzito ziendazo polepole, ATLAS waliwahi kukuta matukio saba pale walipotarajia chini ya moja, yakionyesha upotevu mkubwa wa nishati kama wa chembe nzito. Mtu mwenye haraka angekimbilia waandishi wa habari. Wao walichukua vifaa vingine vya kigunduzi hichohicho wakapima mwendo wa chembe zile, wakakuta zinakwenda karibu na kasi ya mwanga, jambo lisilowezekana kwa chembe nzito ya aina ile. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayetafuta umbo la ajabu anahitaji vipimo viwili visivyotegemeana, maana adui yake mara nyingi ni kifaa chenyewe: chembe ya kawaida iliyogonga waya, myuoni ya angani iliyoingia bila kualikwa, protoni iliyopotea njia.

La tatu ni fedha, na hapo sina haja ya kukaa sana. Karibu yote niliyoyataja yanatumia migongano inayotokea hata hivyo na ambayo imeshalipiwa. Mradi wa milliQan, unaowinda chembe zenye chaji ndogo mno kuliko ya elektroni, umewekwa kwenye ushoroba wa kutolea maji, mita 33 kutoka mahali pa kugongana ndani ya CMS. Mageuzi mengine ni ya namna ya kuchuja. LHCb waliondoa kabisa hatua ya kwanza ya saketi, na sasa kila mkutano husomwa wote na kompyuta zinazotumia vichakataji vya aina ileile ya michezo ya video. CMS nao wana mbinu ya kuhifadhi muhtasari mdogo wa matukio ambayo zamani yangetupwa, ili kwa nafasi ileile ya ghala waweke matukio mengi zaidi. Muhtasari si picha kamili, lakini unazidi utupu.

Haya si mambo ya kungoja. Mtambo unafanyiwa ukarabati mkubwa utakaouwezesha, kuanzia mwaka 2030 hivi, kutoa migongano mingi zaidi kuliko sasa. CMS wanajenga kichujio ambacho kwa mara ya kwanza kitaona njia za chembe kwenye hatua ya kwanza kabisa, na kitakuwa na muda wa sehemu 12 na nusu za milioni ya sekunde kuamua. Orodha ya bawabu itaandikwa upya, na nafasi ya chembe zinazochelewa au kuanzia mbali itategemea nani amekaa mezani ikiandikwa. Wakati huohuo Ulaya inajadili mtambo mwingine wa mviringo wa kilomita 91, na mjadala umejaa nishati na mabilioni. Mimi ningependa kusikia zaidi juu ya mapango yake: kuta zipi zitawekewa vifaa, na mstari ulionyooka kutoka kila mahali pa kugongana unatokea wapi. FASER ilipata ushoroba mtupu kwa bahati, kwa sababu wajenzi wa mtambo wa zamani waliuhitaji kwa kazi nyingine. Safari hii chumba hicho kichorwe kwenye ramani kabla mashine za kuchimba hazijateremshwa.